Redio ya mtaa kwa mikono ya wajitoleaji: mwongozo kutoka vilima vya Bukavu

Emeteri yetu ya kwanza ililala chini ya kitanda cha mweka hazina kwa miezi kumi na minne. Tulichanga, tukauza fulana, ndugu mmoja aliye Ulaya akaongezea, tukaununua huo mtambo wa kurushia matangazo na kupiga nao picha. Ndipo tukaanza kuulizana: utakaa wapi? Nani ataamka saa kumi alfajiri kuuwasha? Na ukishawaka utasema nini? Jibu halikuwepo, na mama mwenye kitanda akaanza kulalamika kwamba panya wamezaa nyuma ya sanduku.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na watu wengi wanavyoanza. Watu kwanza, kisha ratiba, makaratasi na chumba. Mnara unakuja karibu na mwisho. Nimeandika nikiiwaza Bukavu, mashariki mwa Kongo, na vilima vyake na radi zake. Wa Goma na Uvira watabadilisha hapa na pale. Msomaji wa Lubumbashi, ambako ardhi ni tambarare, asome sehemu ya antena akijua kwamba kwake urefu wa mnara utafanya kazi ambayo kwetu inafanywa na kilima.

Miezi mitatu ya redio isiyo na mawimbi

Kabla ya kununua chochote, tengenezeni vipindi. Mnahitaji simu mbili zinazorekodi vizuri, kompyuta moja yenye programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, na spika ya kuchaji kama ile ya wahubiri wa barabarani. Kila wiki rekodini kipindi cha dakika ishirini. Jumamosi kipigeni mahali watu wanaposimama bila haraka: kwenye kituo cha wamotari (waendesha pikipiki za abiria), kwenye foleni ya maji, mlangoni mwa soko la Kadutu kama mama wa soko wamekubali. Kinyozi mpeni kadi ya kumbukumbu yenye kipindi. Atakirudia siku nzima bila kuombwa.

Halafu mmoja wenu akae pembeni, asijitambulishe, aangalie ni sentensi gani inamfanya mtu asimame na ni ipi inamfanya aondoke. Daftari la wiki kumi na mbili za kuangalia hivyo lina thamani kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria. Sisi tulidhani watu wana njaa ya mijadala ya siasa. Walisimama kwa mambo matatu: bei ya maharagwe na samaki wa sambaza, majina ya watoto waliopotea, na mzee mmoja aliyesimulia Kadutu ilivyokuwa wakati mji huu bado unaitwa Costermansville.

Wakati huohuo anzisheni klabu za wasikilizaji. Watu kumi hadi kumi na watano wa mtaa mmoja wanakutana mara moja kwa wiki, wanasikiliza pamoja, wanabishana, na katibu wao anaandika maswali kwenye karatasi. Karatasi hiyo inarudi redioni na ndiyo inayozaa kipindi kinachofuata. Kivu ya Kusini ina desturi ya klabu hizi tangu zamani. Radio Maendeleo, iliyozaliwa hapa Bukavu mwaka 1993 kutoka kwenye mashirika ya wananchi, iliikuza sana. Waulizeni wazee wa klabu hizo. Wengi bado wapo, na wanapenda kuulizwa.

Klabu nne zilizo hai zikipatikana kabla ya emeteri, redio tayari ina wenyewe. Zisipopatikana kwa miezi mitatu, emeteri haitazileta.

Hesabu ya watu

Chukueni kalamu. Tuseme mtarusha masaa saba kwa siku: masaa matatu na nusu asubuhi, masaa matatu na nusu jioni. Hiyo ni zamu kumi na nne kwa wiki. Kila zamu inataka watu wawili, mtangazaji na fundi wa sauti, kwa hiyo ni nafasi ishirini na nane. Mtu anayejitolea, mwenye kazi na watoto, anaweza zamu mbili kwa wiki. Ukimpa tatu atakuja mwezi mmoja halafu simu yake itakuwa haipatikani. Mnahitaji watu kumi na wanne, na mkiongeza wagonjwa, wasafiri na wafiwa, ishirini. Kama mna wanane, rusheni asubuhi tu. Redio inayosema masaa matatu kila siku bila kukosa inazoeleka kuliko inayojitangaza masaa ishirini na manne huku ikikatika kila jioni.

Msiwajaze wanafunzi wa chuo peke yao. Wana ari, wana sauti, na wanatoweka wote kwa pamoja wakati wa mitihani. Changanyeni: mwalimu mstaafu, mama wa butiki, fundi wa simu, mmotari mmoja anayejua barabara ipi imekatwa na maporomoko usiku wa jana. Kwetu ambaye hajawahi kukosa zamu ni mwalimu mstaafu wa miaka sitini na minane. Anakuja na chai yake kwenye chupa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: kwetu jembe ni daftari la simu. Mwezi wa kwanza mtu mpya anapokea simu za wasikilizaji, anafagia studio na kuandika kwenye daftari kila kilichorushwa na saa yake. Mwezi wa pili anashika mikseri chini ya mkubwa wake. Maikrofoni ni mwezi wa tatu. Wanaoona hiyo ni dharau huondoka mapema, kabla hawajapewa ufunguo.

Juu ya zamu ya jioni nitasema wazi kwa kuwa tulikosea. Tulimpanga dada mmoja, mtangazaji hodari, amalize saa tatu usiku, kisha apande peke yake hadi kwao. Alivumilia wiki tano. Alipoacha, kuna waliosema hana moyo wa kujitolea. Zamu ya jioni ni ya wale wanaokaa dakika tano kutoka studio. Wengine wote warekodi mchana. Msikilizaji hajui tofauti.

Andikeni mapatano ya ukurasa mmoja na kila mtu: zamu zake, nauli atakayorudishiwa, muda wa miezi sita unaoweza kurefushwa, mafunzo atakayopata. Na sharti moja lenye uzito: hakuna kupokea bahasha kwa mtu aliyehojiwa. Nchi yetu inalijua jambo hilo kwa jina la kupaji, na katika redio isiyolipa mishahara linaingia kama maji kwenye paa lililotoboka. Mjitoleaji anakwenda kwenye mkutano, anapewa "nauli" na mwenye mkutano, na tangu siku hiyo habari yake ni ya mwenye mkutano. Dawa yake si hotuba ya maadili. Rudisheni nauli nyinyi wenyewe, hata kama ni ndogo, siku ileile. Aliyerudishiwa nauli na redio yake ana mahali pa kusimama anapokataa bahasha.

Mwisho wa hesabu hii: anayeshika pesa asiwe mkurugenzi wala ndugu wa mkurugenzi. Sahihi mbili kwa kila malipo, na karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe mlangoni kila mwisho wa mwezi, hata mwezi wa aibu.

Ratiba, na habari ya komunike

Saa zetu ni kuanzia kumi na moja alfajiri hadi mbili na nusu asubuhi, kisha kumi na moja na nusu jioni hadi tatu usiku. Asubuhi watu wanapika, wanavaa, wanangoja pikipiki. Jioni wamerudi na umeme haupo, redio ya betri ndiyo inasikika. Katikati ya mchana simu na mikokoteni inashinda.

Lugha iwe Kiswahili cha hapahapa, jinsi tunavyokisema, pamoja na nafasi ya Mashi na lugha nyingine za wasikilizaji wenu. Kifaransa kwa dakika chache inatosha. Mtangazaji anayebadilisha ulimi akishika maikrofoni, mpelekeni sokoni akanunue sombe kwa lafudhi hiyohiyo.

Sasa komunike. Wageni wanaokuja na miradi huwa hawaielewi, ila ndiyo mgongo wa redio yoyote ya mtaa huku kwetu. Komunike ya msiba: fulani ametutoka, matanga yako avenue fulani, mazishi Alhamisi, ndugu wa Walungu, Kabare na Idjwi wapewe habari. Komunike ya mtoto aliyepotea, ya mkutano wa wazazi, ya chanjo, ya kadi ya uchaguzi iliyookotwa. Watu hufungulia redio kwa ajili yake, na familia hulipa kidogo ili isomwe. Kwetu mapato hayo ndiyo yanayonunua mafuta ya jenereta.

Tuliwahi kusoma komunike ya msiba ya mzee ambaye alikuwa hai. Kijana alileta karatasi, akalipa, akaondoka. Kesho yake saa moja asubuhi mzee mwenyewe alifika na fimbo yake, akakaa kwenye benchi la wageni, akaomba asomewe tena, polepole. Ulikuwa ugomvi wa kiwanja. Tangu siku hiyo kanuni ni hizi: anayeleta anaandika jina lake, anaweka sahihi, anaonyesha kitambulisho na nambari ya simu inayopigwa palepale mbele yake, kwa msiba tunampigia mtu wa pili wa familia ambaye sisi ndio tumemchagua, karatasi inahifadhiwa mwaka mzima. Komunike za watoto waliopotea hatutozi hata faranga moja, na tunazisoma saa yoyote.

Kuisoma nako kuna ufundi. Jina mara mbili, mahali mara mbili, siku mara mbili. Usiweke muziki chini ya sauti. Weka saa maalumu, mfano saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa moja na nusu jioni, na usizisogeze hata waziri akiwa studio.

Vipindi vingine vipangeni kwa uwezo wenu. Bei za soko kila asubuhi, zikikusanywa na watu wawili tofauti kwenye masoko mawili. Afya mara moja kwa wiki, akiwepo muuguzi. Saa ya klabu za wasikilizaji. Watoto Jumamosi. Muziki wa vijana wa mtaa: waandikie karatasi ya ruhusa, na kwa nyimbo za wengine ulizieni SOCODA, shirika la haki za watunzi, mjue mnadaiwa nini kabla ya kuletewa ankara.

Makaratasi

Hatua hii haina utamu, nitaipita haraka. Kwanza kuweni shirika lisilo la faida chini ya sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001: katiba, kanuni za ndani, orodha ya wanachama waanzilishi. Kisha kuna milango mitatu ya Kinshasa ambayo watu huichanganya. Wizara ya mawasiliano inahusika na kibali cha chombo cha habari. ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano ya simu, inagawa masafa, maana yake nambari ya megahezi mtakayorushia. CSAC, baraza la kusimamia vyombo vya habari lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, inaangalia yanayosemwa hewani. Sheria mpya ya vyombo vya habari ni ile nambari 23/009 ya tarehe 13 Machi 2023. Aliyewapa nakala ya sheria ya 1996 amewapa karatasi ya zamani.

Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu katikati ya Februari 2025, kati ya hapa na Kinshasa pamekuwa mbali zaidi. Ongeeni na mwanasheria anayefuatilia hali ya mji kila siku, na mshirikiane na redio jirani kabla ya kubisha mlango wowote peke yenu. Nakala za kila hati wekeni sehemu tatu, moja ikiwa nje ya mji.

Msirukie masafa ya watu. Sisi tuko mpakani. Ng'ambo ya Ruzizi ni Rwanda, na mawimbi hayaonyeshi pasi. Redio ikichagua nambari kwa kubahatisha itaangukia juu ya redio ya Kamembe, au juu ya redio ya parokia yenu wenyewe.

Chumba

Adui wa studio ya Bukavu ni mvua juu ya mabati. Kuanzia Septemba hadi Mei itanyesha katikati ya mahojiano, na maikrofoni haina huruma. Tafuteni chumba chenye dari, au wekeni ya mbao na juu yake mjaze magunia ya maranda ya seremala yaliyokauka, mkihakikisha hakuna waya wa umeme unaopita humo. Chumba kidogo cha mita tatu kwa nne kinatosha. Kisiwe chini ya ghorofa yenye watoto.

Trei za mayai ukutani ni mapambo tu. Hazizuii kelele za nje hata kidogo, na moto zinaushika kama petroli. Kinachomeza mwangwi ni kitu kizito na laini: blanketi nene zikining'inia kidogo mbali na ukuta, godoro la zamani, zulia chini. Piga makofi katikati ya chumba. Ukisikia kama uko kwenye kisima, ongeza blanketi.

Vifaa: maikrofoni mbili za kawaida za mkononi zenye waya, mikseri ya njia sita, vipokea sauti vya masikioni viwili, kompyuta. Maikrofoni ghali za studio zinasikia hadi jogoo wa jirani, waachieni wenye studio za kweli. Mdomo ukae shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, pembeni kidogo. Kwenye mikseri mshale ucheze karibu na sifuri. Taa nyekundu ikiwaka, shusha. Kati ya mikseri na emeteri wekeni kifaa cha kubana sauti, ili mtu akipiga kelele za furaha asiingilie masafa ya jirani.

Kilima kwanza, wati baadaye

Kila kikao kina mtu anayesema: tununue emeteri ya wati elfu moja, tufike Shabunda. Mwacheni amalize, kisha mweleze hivi.

Mawimbi ya FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri karibu kama macho yanavyoona. Antena isipoona bonde, bonde halisikii vizuri, na wati hazitoboi mlima. Kuna hesabu rahisi ya upeo kwenye ardhi iliyo wazi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Antena iliyo mita 25 juu ya eneo linaloizunguka inaona kama kilomita 20. Ikiwa mita 100, kilomita 41. Kilima kinawapa hizo mita 100 bure. Upande wa pili, ili nguvu ya mawimbi kwa msikilizaji iongezeke maradufu, emeteri lazima iwe na wati mara nne. Kutoka wati 100 kwenda 200 sikio halitatambua, lakini jenereta itatambua.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mahali pandeni vilima. Simameni, mtazame: je, mnaona Kadutu? Bagira? Panzi? Rasi zinazoingia ziwani? Mnachokiona ndicho mtakachokihudumia. Ziwa ni rafiki, mawimbi hupita juu yake bila kizuizi, kwa hiyo msishangae mkisikika Idjwi kuliko nyuma ya kilima chenu.

Hapa kuna uamuzi mgumu. Studio ikiwa chini mjini na antena juu, mnahitaji kiungo cha kupeleka sauti kilimani, kifaa kingine cha kununua, kulinda na kulisha umeme. Studio ikiwa juu pamoja na antena, mama wa soko hawatapanda kuja kuhojiwa. Tulichagua juu. Wageni tunawafuata na simu, tunarekodi palepale penye kelele zao za kazi, na vipindi vimekuwa bora kwa hilo. Faida nyingine hatukuitarajia: mlinzi mmoja anatosha.

Kwa redio ya mtaa wati 100 zinatosha, na 50 zinaweza kutosha mahali pazuri. Pesa inayobaki itumieni kwenye vitu viwili ambavyo havipendezi kwenye picha. Cha kwanza ni kebo kati ya emeteri na antena. Kwenye mita 30 za kebo nyembamba aina ya RG-58, wati 100 zikiingia chini zinatoka kama 33 juu. Kwa RG-213 zinatoka kama 63. Kwa kebo nene ya nusu inchi zinafika 86 hivi. Cha pili ni antena yenyewe. Antena mbili za nusu wimbi zikipangwa wima kwenye mnara mmoja, zikiunganishwa sawasawa, zinazaa karibu matokeo ya emeteri maradufu bila kula umeme zaidi. Fundi hodari anaweza kuitengeneza kwa bomba la shaba: kwa megahezi 98 urefu wake wote ni karibu mita 1.45. Lakini lazima ipimwe.

Kupima kunafanyika kwa mita inayoonyesha wati zinazokwenda na zinazorudi. Kati ya 100 zinazokwenda, zikirudi nne au chini mko salama. Zikirudi kumi na tano, zimeni, tafuteni kosa kwenye viungio kabla emeteri haijaungua. Kamwe msiwashe emeteri bila antena, hata kwa sekunde ya majaribio. Na mtu akiwa juu ya mnara, emeteri imezimwa na ufunguo wa swichi uko mfukoni mwake mwenyewe.

Siri ya mwisho ya kilima: rusheni mono. Redio nyingi zinazouzwa Kadutu zina spika moja. Stereo inaongeza kelele pale mawimbi yanapofika kwa taabu au yanapogonga kilima na kurudi, na hakuna mtu atakayewashukuru kwa hiyo spika ya pili asiyokuwa nayo.

Umeme, na radi

Delestaji, umeme kukatwa kwa zamu, mnaijua. Pigeni hesabu. Emeteri ya wati 100 inakula karibu 200 kutoka ukutani. Studio nzima, ukiiendesha kwa kompyuta ya mkononi, inakula kama 150. Jumla 350. Mara saa saba za matangazo ni wati-saa 2,450 kwa siku. Ukichukulia saa nne na nusu za jua zuri na ukakubali kwamba robo inapotea njiani, mnataka paneli za wati 750 hivi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400, lakini ya risasi isiteremshwe chini ya nusu. Mbili zinatosha siku ya kawaida, tatu kwa wiki ya mawingu. Mngerusha saa kumi na mbili mngehitaji karibu mara mbili ya kila kitu. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na saa saba.

Umeme wa mjini ukija uje kuchaji betri, usiingie moja kwa moja kwenye emeteri. Ule mshituko wa umeme unaporudi ndio uliotuchomea kifaa chetu cha kwanza cha kulishia emeteri umeme.

Radi ya Kivu haibahatishi, na mnara juu ya kilima ndio kitu cha kwanza inachokiona. Fungeni ncha ya shaba juu kuliko antena, waya mnene ushuke wima bila kona kali hadi kwenye vyuma vitatu vilivyopigwa ardhini mita mbili, vikiwa mbalimbali na vimeunganishwa. Pimeni upinzani wa ardhi. Uwe chini ya omu kumi. Pakiwa na mawe, chimbeni mashimo mapana, mjaze makaa yaliyopondwa na chumvi, mmwagie maji kiangazi. Mnara, emeteri, mikseri na betri vyote viunganishwe kwenye ardhi moja. Halafu kuna kanuni isiyohitaji fundi: radi ikisikika karibu, mnaaga wasikilizaji, mnazima, mnachomoa kebo. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ukuta wetu kwa rangi nyekundu. Dakika arobaini za ukimya hazijaua redio yoyote.

Habari, uvumi na usalama wa watu wenu

Bukavu haihitaji kufundishwa redio mbaya inaweza nini. Julai 1994 tuliwaona wakimbizi wakivuka Ruzizi kwa maelfu, kutoka nchi ambako redio moja ilikuwa imetangaza majina ya watu wa kuuawa. Weka kanuni kabla ya siku ngumu: habari ina watu wawili wasiojuana walioithibitisha, au haisomwi. Kabila la mtuhumiwa halitajwi. Simu za moja kwa moja hewani ni za salamu, bei na afya; juu ya mambo ya usalama watu wanarekodiwa kwanza, wanasikilizwa na mkubwa wa zamu, kisha ndipo inaamuliwa. Mienendo ya wenye silaha haitangazwi, hata mpigaji aape kwa mama yake.

Mji huu umezika watangazaji. Serge Maheshe wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, aliuawa hapa Juni 2007, na Didace Namujimbo wa redio hiyohiyo Novemba 2008. Wao walikuwa na taasisi kubwa nyuma yao. Mjitoleaji wenu ana nyinyi tu. Basi: habari nzito isomwe kwa jina la redio, bila jina la mtu. Namba za simu za watoa habari zisikae kwenye daftari la studio. Wawili wajue kila mjitoleaji analala wapi na yuko wapi. Mtu akiogopa kusoma kitu, hasomi, na hakuna anayemuuliza sababu. Kama redio haiwezi kusema ukweli juu ya jambo fulani kwa wakati fulani, na inyamaze juu ya jambo hilo, iendelee na bei za soko. Kusoma karatasi ya uongo iliyoletwa na mwenye nguvu ni kosa ambalo klabu za wasikilizaji hukumbuka miaka mingi.

Wiki mbili za majaribio

Kibali kikiwa mkononi, msifungue kwa sherehe. Rusheni muziki na sauti moja tu, kila robo saa: hapa ni majaribio, tupigie utuambie uko wapi na unatusikiaje. Anayepokea simu aandike mtaa, aina ya redio na hali ya sauti. Upande mwingine mpeni mmotari simu yenye redio na ramani ya mji, azunguke Ibanda, Kadutu na Bagira kwa saa moja, atie alama: safi, inakwaruza, hakuna. Kwetu ramani hiyo ilionyesha shimo kubwa nyuma ya kilima. Tulisogeza antena mita mbili upande wa kusini na nusu ya shimo ikajaa. Nusu nyingine tuliiacha, tukapeleka huko kadi na spika kama zamani, kila Jumamosi.

Fungueni siku ya kazi, Jumanne kwa mfano, saa kumi na moja alfajiri. Watu watatu wawe na ufunguo, wakikaa nyumba tatu tofauti. Kitu cha kwanza hewani kiwe salamu, saa na hali ya hewa. Cha pili, komunike mlizokwisha kukusanya wiki nzima kutoka kwenye klabu. Yetu ya kwanza ilikuwa ya mbuzi mweusi mwenye pembe moja, aliyepotea Cimpunda. Alipatikana kabla ya saa mbili.